Mlo wa Buibui Mrukaji

Mkebe wa siagi ya njugu umesimamishwa juu chini: kifuniko kimekuwa sakafu, kitako kimekuwa dari. Buibui mrukaji hufuma chumba chake cha kulala mahali pa juu kabisa anapoweza kufika. Mkebe ukiachwa ulivyotoka dukani, chumba hicho kitashikamana na kifuniko, na kila siku ya kulisha mlishaji atakuwa anamng'olea mwenyeji paa. Ukigeuzwa, mlango hufungukia chini, na aliyelala darini hana habari.

Mwenye mikebe ni mshoni wa nguo mjini Wote, Kaunti ya Makueni. Ameipanga saba kwenye rafu nyembamba juu ya cherehani, upande ambao mwanga wa asubuhi huingia lakini jua lenyewe haligusi, maana ndani ya plastiki iliyopigwa na jua joto hupanda upesi na aliyefungiwa humo hana pa kukimbilia. Aliniruhusu kutazama kwa sharti nisimtaje jina. Wateja wakisikia, alisema, watadhani sare za watoto wao zinashonewa kwenye utando. Mwenyewe alicheka sana, kwa kuwa hawa anaowafuga hawafumi utando wa kunasia kitu chochote. Huwinda kwa macho na miguu.

Hakuwaagiza kutoka popote. Ni yule buibui wa kijivu, bapa, mwenye urefu wa karibu sentimita moja, anayetembea kwa kusitasita kwenye kuta za nje zilizopakwa chokaa, hasa mahali nzi wanapopenda kutua. Wanasayansi humwita Menemerus bivittatus. Asili yake ni Afrika, na sasa ameenea katika nchi za joto duniani. Wafugaji wa Marekani na Ulaya humpenda zaidi Phidippus regius, wa Florida na visiwa vya Karibi, mnene mwenye manyoya, anayepigwa picha nyingi. Huyu wa Wote hana urembo huo. Ana macho manane tu kama jamaa zake wote: mawili makubwa mbele ya uso, na mengine sita ya kushika mwendo wa vitu mbele, kando na nyuma. Yale makubwa yana jambo la ajabu. Lenzi zake hazisogei, ila mirija iliyo nyuma yake ndani ya kichwa husogea huku na huku, kwa hiyo anaweza kuhamisha mtazamo bila kugeuza kichwa. Nilipomuuliza mshoni kwa nini anafuga buibui, hakunipa sababu ndefu.

"Huyu ukimtazama, naye anakutazama, mwanangu."

Kazi yake huanza na matundu. Hushika sindano nene kwa koleo, huipasha juu ya mshumaa, kisha huipenyeza kwenye plastiki kutoka ndani kwenda nje. Mwelekeo huo una maana. Plastiki inayoyeyuka huacha ukingo mkali upande sindano inapotokea, na ukingo huo ukibaki nje hauwezi kumkwaruza buibui aliyetoka kujivua ngozi, ambaye mwili wake bado ni laini. Hutoboa mistari miwili, mmoja chini upande huu na mwingine juu upande ule, ili hewa ipite mkebe mzima. Hewa ikituama, unyevu huleta ukungu, na ukungu ni adui mbaya kuliko njaa. Kipimo cha tundu ni nzi mdogo kabisa wa matunda. Akipita, tundu ni kubwa mno, na mkebe huo hurudi kuwa wa vifungo.

Ndani huweka vitu viwili. Cha kwanza ni kijiti cha mgunga kilichokatwa miiba, kimesimama kwa mshazari kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Ndiyo barabara, na ndiyo mahali pa kuvizia. Cha pili ni kipande cha ganda la hindi kilichokunjwa na kubanwa juu, ambamo buibui hupata pembe mbili za kushikia nyuzi za chumba chake. Vyote huchemshwa na kuanikwa kwanza. Mwarobaini hautumii, ingawa umejaa mtaani, kwa sababu watu wameutumia miaka yote kufukuza wadudu. Vijiti vya mwembe navyo havichukui mpaka ajue shamba lilipuliziwa dawa lini.

Maji ni kazi ya kila asubuhi, na ni ya sekunde chache. Huchovya brashi ndogo ya rangi kwenye kikombe, huikung'uta mara moja, kisha huigusisha ukutani mwa mkebe mara tatu au nne, mbali na chumba cha kulala. Yanabaki matone madogo. Buibui hushuka, huweka mdomo kwenye tone na kutulia hapo, na ukisogeza jicho karibu utaona tone likipungua. Maji yenyewe ni ya mvua, kutoka kwenye tangi la nyuma ya duka. Visima vingi vya Makueni vina maji ya chumvi, na tone la maji hayo likikauka huacha doa jeupe. Baada ya muda mkebe wote huwa na ukungu wa chumvi, na asiyeona vizuri ndani hawezi kulisha vizuri. Kanuni yake nyingine ni kwamba matone yawe yamekauka kabla ya adhuhuri. Yakikaa hadi jioni, ameweka mengi mno.

Chakula ndicho chenye shughuli. Buibui mrukaji hataki kilichokufa. Macho yake yameumbwa kwa kitu kinachosogea. Kwa hiyo lazima kwanza umkamate nzi akiwa hai, mzima, na asiye na sumu, na katika mji ambao kila nyumba ina mkebe wa dawa ya kupulizia wadudu, hilo la tatu ndilo gumu. Mshoni hachukui nzi yeyote aliyekutwa anayumba. Hachukui mbu aliyetua kwenye neti yenye dawa. Msimu wa maembe, ambapo Makueni hujaa nzi wa matunda, majirani humletea wale walionaswa kwenye mitego ya mashambani. Huwapokea kwa shukrani na kuwatupa. Yule nzi mgeni, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima wa maembe, hutegwa kwa chambo cha harufu ambacho mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuua. Nzi wa mtego huo angemuua mlaji wake.

Wa kwake huwatega mwenyewe. Ganda la embe lililoiva kupita kiasi, au ndizi nyeusi embe zinapokwisha, huwekwa ndani ya chupa, na mdomoni huingizwa karatasi iliyokunjwa kuwa faneli yenye tundu dogo chini. Nzi huingia kwa kufuata harufu na hawaioni njia ya kutokea. Wadogo, wale wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi jikoni, huachwa humo watage. Baada ya wiki mbili hivi chupa moja huwa inazalisha yenyewe. Hao ni wa watoto wa buibui. Wakubwa hupewa nzi wa nyumbani, nondo wadogo wa usiku, na mara mojamoja mchwa wafanyakazi waliotolewa kwenye gogo bovu. Mchwa askari huondolewa mmoja mmoja kwa sababu ya taya zake. Siafu hawaingii kwenye hesabu.

Kifaa ninachokiona cha werevu kuliko vyote ni cha kuhamishia nzi. Amekata mpira wa dripu, urefu kama wa mkono, na kwenye ncha moja akaingiza ganda la kalamu ya Bic lililotolewa wino. Kati ya mpira na kalamu amebana kipande cha shela kilichobaki kwenye nguo ya harusi. Ncha ya mpira huitia mdomoni, ya kalamu huilenga nzi, kisha huvuta pumzi fupi. Nzi huingia kwenye kalamu, shela humzuia, na kidole hufunga tundu. Kwenye maabara za wadudu kuna kifaa cha aina hiyo hiyo, chenye mrija wa kioo. Kisha mshoni huinua mkebe kidogo, husogeza kifuniko kiasi cha upana wa kalamu, hupuliza, hufunga. Sikuona nzi hata mmoja akitoroka, na duka lilikuwa na wateja wawili waliokuwa wakiulizia suruali.

Halafu hukaa. Harudi kwenye cherehani mpaka aone kilichotokea.

Nzi alitua karibu na sakafu. Buibui alikuwa juu, kichwa nje ya ganda la hindi. Aligeuka kwa hatua tatu za haraka mpaka uso ukawa umemwelekea nzi sawasawa, akatulia. Nzi alijifuta miguu, buibui akasogea. Nzi akaacha, buibui akaacha. Aliteremka kijiti kwa namna hiyo, akipita upande wa nyuma wa kijiti alipokuwa karibu kuonekana, na kwa muda nilimpoteza. Alipotokea alikuwa amebakiza kiasi cha urefu wa miili yake mitatu. Akagusisha ncha ya tumbo kwenye kijiti: hapo ndipo anaposhikiza uzi wa usalama, ili akikosa asianguke. Miguu ya mbele akainyanyua kidogo. Mruko wenyewe jicho halikuuona. Si misuli mikubwa ya miguu inayomrusha buibui. Anachofanya ni kusukuma damu kwa shinikizo la ghafla ndani ya miguu ya nyuma, nayo hunyooka mara moja. Nilichoona ni nzi chini, na buibui juu yake, meno yakiwa shingoni.

"Sasa atakula mpaka saa sita," mshoni akasema, akarudi kwenye pindo la sketi.

Ungedhani mlo umeisha hapo. Lakini sehemu ngumu ya ufundi huu, nadhani, ni siku ambazo halishwi mtu. Kila asubuhi, baada ya maji, mshoni hupita rafu nzima akitazama matumbo. Tumbo lililokunjamana na kuwa jembamba kuliko kichwa ni la mwenye njaa. Tumbo la mviringo, lisilo na mikunjo, ni la aliyeshiba. Lililotuna mpaka ngozi inang'aa ni la hatari: buibui wa namna hiyo akianguka vibaya anaweza kupasuka, na kupasuka huko hakuna tiba. Buibui aliyekomaa huhitaji windo moja kila baada ya siku mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Watoto hula karibu kila siku. Hayo ni makadirio, na mshoni hayafuati kama ratiba. Siku niliyokuwepo alilisha mikebe miwili tu kati ya saba. Nzi waliobaki kwenye chupa walikuwa wengi, wakipiga kuta, na ungeona huruma kuwanyima wale watano. Yeye hakuona. Alitazama tumbo la kila aliyeonekana, akasema "bado," akapita.

Mkebe wa tano haukuguswa hata kwa brashi ya maji upande wa juu. Mwenyeji wake alikuwa ameziba chumba pande zote, nyuzi zimekuwa nzito na nyeupe, na ndani kilionekana kivuli kisichosogea. Alikuwa anajiandaa kujivua ngozi. Katika hali hiyo buibui hukataa chakula kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, na asiyejua hudhani anaumwa, akapasua chumba kumtazama. Ukipasua, umemuua au umemlemaza. Ukimwachia nzi hai ndani ya mkebe, nzi huyo huyo anaweza kumsumbua akiwa laini, hana nguvu ya kujitetea. Kwa hiyo mshoni huondoa kila kinachotembea, hunyunyiza tone moja chini, na kubandika kipande cha uzi mwekundu nje ya mkebe. Maana yake: usiguse. Uzi huo ulikuwa pale tangu wiki iliyopita.

Mabaki ya mlo huondolewa siku ile ile kwa kibano cha nyusi. Ni kidonge kidogo kikavu, mabawa na miguu iliyosokotwa pamoja, kwa kuwa buibui hunywa nyama baada ya kuiyeyusha, hatafuni na kumeza.

Ulezi wa namna hii una wataalamu wake hapa hapa nchini. Mbita, kwenye Ziwa Victoria, kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachobeba jina la Thomas Odhiambo, aliyeianzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Humo buibui warukaji wamelelewa kwa ajili ya utafiti miaka mingi. Aliyepata umaarufu ni Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesołowska na Robert Jackson. Mwaka 2005 Jackson na wenzake walitangaza kwamba buibui huyu huchagua mbu jike mwenye damu tumboni kuliko windo jingine. Damu ya mtu au mnyama humfikia kupitia kwa mbu, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuinyonya. Watoto wake wana mbinu ya pekee kwa Anopheles, mbu wa malaria, ambaye akitua huinua mkia juu: humzunguka polepole, huingia chini ya tumbo lililoinuliwa na kumrukia kutoka huko. Na mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walionyesha kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta kuliko ya soksi safi. Mimi hufikiria zaidi wale wanaowalisha. Ili buibui huyo apate mlo wake, lazima kwanza mbu alelewe kutoka kwenye yai, kisha mbu alishwe damu, kisha apelekwe kwa buibui angali ameshiba. Ni milo miwili kwa mlo mmoja, na wa kwanza ukichelewa wa pili haupo.

Mshoni hajafika Mbita. Alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, Kitui, ambako baba yake alitundika mizinga ya magogo, ile Wakamba huiita myatu, kwenye mibuyu. Anamkumbuka akisimama chini ya mti muda mrefu, akitazama nyuki wanavyoingia na kutoka, kisha akirudi nyumbani bila kupanda. Kitui haijawahi kuwa ngeni kwa ulezi wa wadudu. Pande za Mwingi, wakulima wakishirikiana na ICIPE walitunza nondo wa hariri wa porini, Gonometa postica, ambaye viwavi wake hula majani ya migunga. Viwavi wachanga hufungiwa kwenye mifuko mirefu ya neti juu ya tawi lenyewe, mbali na ndege na nzi wanaotaga mayai ndani ya miili yao, na majani yakiisha huhamishiwa tawi jingine. Huko nako mkono hufanya kidogo, na jicho hufanya kazi kutwa.

Uzazi mshoni amejaribu kwa tahadhari. Jike hulishwa mpaka tumbo liwe duara kabla ya dume kuingizwa, kwani jike mwenye njaa hatofautishi sana mchumba na nzi. Dume huinua miguu ya mbele, huyumba kushoto na kulia, husogea, hurudi. Brashi iko mkononi muda wote, tayari kuwatenganisha. Baada ya hapo dume hutolewa. Jike hujifungia chumbani na mayai yake, huyalinda, na hula kidogo sana au hali kabisa. Watoto wakianza kutoka, kila mmoja huchukuliwa kwa ncha ya brashi na kutiwa kwenye kichupa chake cha dawa, maana wakikaa pamoja bila chakula hulana. Hubakiza wawili watatu. Wengine huwapeleka asubuhi kwenye ukuta wa nyuma ya duka na kuwaacha wapande.

Anayetaka kuanza na aanze na ukuta wake mwenyewe, na buibui mmoja, si biashara. Mwaka 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, baada ya kukamatwa na maelfu ya chungu malkia waliofungwa kwenye mirija yenye pamba, tayari kwa wafugaji wa ng'ambo. Tafuta mkebe safi, utoboe kutoka ndani, ugeuze juu chini. Na kama huna hakika ya kupata nzi wawili wasio na dawa kila wiki, mwache buibui pale ukutani. Huko anajilisha vizuri bila wewe.